Misenga, Mke wa Jumapili

Mwanamke aliyenivurugia nyumba yangu alikuwa na ndevu. Siku za kazi aliitwa Stanislas, dobi wa nyumba za wazungu, baba wa watoto watatu. Lakini Jumapili saa tisa alasiri, kwenye ukumbi wa kambi yetu hapa Kolwezi, alijifunga kitambaa kichwani na vikwembe viwili vya kitenge kiunoni, akanyoa vizuri, akawa Misenga. Na huyo Misenga alikuwa mpenzi wa mume wangu. Haya, cheka. Kambi nzima ilicheka kabla yako, na mimi ndiye niliyekuwa nawapikia wale waliokuja kumpongeza.

Mimi ni Mbelu. Mume wangu ni Mukendi, na ninayetaka kumweleza hapa ni yeye, maana watu wa kambi wanamkumbuka kwa jina lisilo lake na kwa mke asiye wake, na mpaka leo jambo hilo linanichoma.

Mukendi alitoka Kasai akiwa kijana wa miaka kumi na tisa, na wenzake waliokuja kutafuta kazi ya kampuni. Walimpeleka kwenye mgodi wa Mutoshi, kwenye treni ndogo ya kubeba mawe ya shaba. Alikuwa mtu wa breki. Alisimama kwenye ngazi ya behewa la mwisho, bendera mkononi, filimbi mdomoni, kutoka asubuhi mpaka jioni, na kwa makelele ya pale hakuna aliyejisumbua kusema. Bendera juu, treni inakwenda. Bendera chini, inasimama. Basi aliporudi nyumbani ilikuwa hivyohivyo. Kichwa juu, ndiyo. Kichwa pembeni, hapana. Akitaka ugali, "Bukari iko?" "Iko." Ndiyo mazungumzo ya miaka tisa.

Hakuwa mtu mbaya, sitamsingizia. Hakunipiga hata siku moja. Alhamisi, siku ya posho, wanaume wengine waliwaachia wake zao magunia ya unga, lakini yeye alibeba la kwetu begani mwenyewe mbele ya watu wote. Watoto walipougua surua alikaa nao chini, mmoja kila paja, mpaka filimbi ya kazi ikalia. Wanawake wa jirani waliniambia nina bahati. Nami nilijua ninayo, ila sikuwahi kuonja neno. Hakuniposa yeye, wazee walipatana huko kwetu, mimi nikaletwa, nikiwa na miaka kumi na sita. Siku niliyofika alichukua kikapu changu akatangulia mbele, mimi nyuma, mpaka mlangoni. Nilidhani ana aibu. Nilingoja aibu iishe. Hebu nawe ngoja miaka tisa uone.

Mwaka elfu moja mia tisa hamsini na sita ndipo Ngeleka alipoanzisha mchezo. Ngeleka alikuwa karani wa stoo, Mluba kama sisi, mtu wa kalamu sikioni na miwani aliyoinunua bila kupimwa. Aliandika hadithi kwenye daftari la shule, akaigawa vipande, kila Jumapili kipande kimoja. Misenga ni binti wa mjane. Muamba ni kijana wa kazi, hana kitu ila mikono yake. Alimasi ni mwenye lori, ana duka, naye anamtaka Misenga. Hivyo tu. Hadithi kama hiyo hata mimi ningeweza kuitunga nikimenya mihogo.

Wanawake hawakupanda jukwaani. Kwetu sisi watu wa Kasai, mwanamke mwenye mume akishikwa mkono na mwanamume mwingine ni lazima akiri mbele ya ndugu za mumewe, la sivyo ugonjwa unaingia nyumbani. Nani angekubali mkewe ashikwe mbele ya watu mia tano? Na mabinti, baba zao walisema hapana. Ndipo akatafutwa Stanislas, mwembamba, mwenye shingo ndefu na mikono iliyolainika kwa sabuni. Mukendi naye, Ngeleka alimchukua awe Muamba, kwa sababu alimsikia akisoma barua ya mtume kanisani, akasema sauti hiyo inapotea bure kule Mutoshi.

Nilikwenda Jumapili ya kwanza na mtoto mgongoni, nikidhani nitamwona mume wangu akisimama kama nguzo. Akatokea Stanislas na ndoo kichwani, akajifanya anatoka mtoni. Mukendi akamzuia njia. Halafu akafungua mdomo.

"Misenga," akasema, "ile juzi ulipita kwetu na mayi ku kichwa. Mayi ilimwangika kidogo mu njia. Mi nilizunguka pale. Sikukanyaka."

Kisha wanawake wakapiga kelele, wengine wakasimama juu ya benchi. Na mimi, haki ya Mungu, nililia. Nilisahau kwamba yule ni Mukendi. Nilimwona Muamba, nikamtaka ampate Misenga leo hiihii, kabla ya yule mwenye lori kuja kuharibu. Nilimfuta mtoto kamasi kwa mkono mmoja na machozi yangu kwa mwingine. Tulipofika nyumbani Mukendi akavua koti, akaniuliza kama kuna maji ya moto. Hapo ndipo nilipokumbuka mwanamume yule ni wa nani.

Basi kambi ikashikwa. Sijawahi kuona kitu kama kile, na nimeona mengi. Kwenye mstari wa posho hakuna aliyezungumza habari za unga tena. Kulikuwa na upande wa Muamba, na kiongozi wake alikuwa Mama Godelieve, mke wa kapita, msimamizi wa wafanyakazi, mwanamke mwenye sauti ya kuita watu watatu kwa mara moja. Kulikuwa na upande wa Alimasi, na huo uliongozwa na Zena, mke wa mfanyabiashara wa vitambaa aliyetoka mashariki, Mwislamu, mwenye meza yake ya maandazi langoni. Zena alisema msichana mwenye akili hachagui maneno, anachagua lori. Mama Godelieve akamjibu kwamba anamtetea Alimasi kwa sababu ya jina lake la Kiislamu tu, na kwamba Misenga hatafunga mtandio hata aletewe malori kumi. Wakanuniana wiki mbili. Kwa ajili ya nani? Kwa ajili ya dobi.

Kwenye shule ya kushona, masere, mtawa wa kizungu aliyetufundisha, alishangaa kuona foronya zote zimetariziwa herufi mbili, M na M, zimefungwa pamoja kwa uzi mwekundu. Muamba na Misenga. Nilikaa pale na sindano yangu nikawatazama. Mukendi na Mbelu nao ni M na M. Hakuna hata mmoja aliyewaza hivyo.

Watoto njiani walimwita mume wangu Muamba, naye akaitika kwa kichwa. Wanawake walinisalimu, "Mama Mbelu, Misenga hajambo?" Wakacheka, wakapita. Waliniletea viwavi vya kukaanga kwenye sahani iliyofunikwa, wakaniambia nimpe Muamba, amwonjeshe na Misenga. Nilivila vyote nimesimama, nyuma ya jiko, na sahani nikairudisha bila kuiosha.

Siku moja Mama Godelieve alikuja kukaa kwangu. Nilikuwa nimeshika kata, nataka kumchotea munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi. Akaniangalia kwa huruma, huruma ya kweli, ndiyo iliyonikera zaidi.

"Mbelu, mi sitakudanganya," akasema. "Wewe uko muke muzuri. Lakini ule bwana, Mungu alimuumbia Misenga."

Nilirudisha munkoyo ndani ya chungu, nikafunika. Nikamwambia umekwisha.

Usidhani nilimchukia Stanislas. Stanislas nilimjua, mkewe nilimjua, nilijua hata kidonda cha mguu wake. Nilimchukia Misenga. Nilimchukia asubuhi na jioni, mwanamke asiye na nyumba wala kaburi, ambaye siwezi hata kumfuata kisimani nikamvuta kitambaa. Kisha Jumapili inafika, naenda ukumbini, nakaa benchi la tatu, na akitokea tu na ndoo yake moyo wangu unamkimbilia, nataka apendwe. Yakiisha narudi nyumbani nikimlaani njia nzima. Ukiniuliza ilikuwaje, sijui. Ndivyo ilivyokuwa.

Nikaanza kumwiga. Nilifunga kitambaa kama yeye, fundo upande wa kushoto. Nilijifunza kutembea polepole, kama Stanislas alivyokuwa akitembea, kumbe maskini alitembea hivyo kwa sababu ya kidonda. Mwisho nikafanya jambo ambalo nikilikumbuka nataka kujificha. Nilijua saa anayorudi Mukendi kutoka Mutoshi. Nikabeba ndoo kichwani, nikamwaga maji kidogo kwenye njia mbele ya mlango wetu, nikasimama pembeni kungoja. Mukendi akaja. Akakanyaga katikati na kiatu chake cha kazi, akatazama chini, akamwita mtoto mkubwa alete mchanga, maana mtu anaweza kuteleza hapo.

Usiku ule sikula. Kesho yake, saa ya chakula cha jioni, nilimwekea bukari na sombe ya majani ya muhogo, nikakaa mbele yake badala ya kukaa jikoni.

"Mukendi, sema na mi neno moya," nikamwambia. "Moya tu. Kama yale ya ukumbi."

Alitafuna. Alimeza. Alinawa vidole.

"Ile ni mambo ya Ngeleka," akasema.

Nami nikaamini. Nikasema moyoni, basi adui yangu ni daftari. Maneno ni ya karani, sauti ni ya mume wangu, na Misenga ndiye anayeyapokea. Nikimwondoa Misenga maneno yatakosa pa kwenda, na Jumapili Mukendi atakaa nyumbani kama waume wa watu. Nikamshika kuku wangu mweusi, yule anayetaga, nikamfunga miguu, nikaenda stoo kwa Ngeleka saa ya mapumziko.

Nilimweleza bila kuzunguka. Nataka Misenga afe.

Ngeleka aliangalia kuku, akaniangalia mimi, akaanza kucheka, halafu akaacha. Alisema wanawake watamchoma moto pamoja na stoo yake. Lakini akaanza kulalamika mwenyewe, kwamba amechoka, kwamba Mama Godelieve anamfuata mpaka kanisani kumwambia la kuandika, na Zena amekataa kumuuzia maandazi mpaka Alimasi apewe angalau posa moja ya heshima. Tena mzungu wa kambi alikuwa amemwita ofisini, akamwambia michezo ya mapenzi imetosha, anataka mchezo wa kufundisha watu kufunika mapipa ya maji kwa ajili ya mbu. Ngeleka akavua miwani, akaifuta.

"Misenga atakufa na homa," akasema taratibu. "Juu ya mbu ya pipa isiyofunikwa. Muzungu atafurahi, na wewe utafurahi."

Nikamkabidhi kuku. Nilipofika mlangoni nikageuka, nikamwambia jambo moja zaidi, kwamba siku ya kufa amwandikie Mukendi maneno machache tu, ya kawaida, asimpe tena yale matamu. Ngeleka akaniuliza matamu yapi. Nikamtajia ya maji njiani. Nikamtajia yale ya kivuli, na yale ya kwamba akikohoa Misenga kule mtoni, Muamba anaamka huku kitandani. Niliyajua yote kwa moyo, yote.

Akafungua daftari akanionyesha. Mimi kusoma najua, masere walinifundisha. Kila mahali Muamba alipokutana na Misenga pameandikwa mstari mmoja: *Hapa Muamba anamusemesha Misenga.* Chini yake hakuna kitu. Halafu anaingia Alimasi.

"Yale maneno mi siandikake," Ngeleka akasema. "Anayatoa mwenyewe."

"Anayatoa wapi?"

"Mama Mbelu," akasema, na sasa alikuwa ameshika kuku kama mtu anayetaka kumrudisha, "mi nilizani yale njo anakuambiaka wewe ku nyumba."

Sijui nilifikaje nyumbani. Mtu hatoi maneno yale hewani. Maneno yale yalikuwa yametumika, yalikuwa na mtu wake. Nikaanza kuwapitia wanawake wa kambi kichwani, nyumba kwa nyumba. Nikamfikiria Zena, ana macho makubwa. Nikamfikiria mjane wa mtaa wa nyuma. Nikamfikiria hata Mama Godelieve, Mungu anisamehe, na mwili wake ule. Nilifungua sanduku la Mukendi akiwa kazini, nikatoa kitu kimojakimoja. Kadi ya kazi, medali ya ubatizo, wembe, suruali ya Krismasi. Nilinusa mashati. Yalinuka sabuni yangu.

Ningeweza kurudi kwa Ngeleka nikamwambia amwache Misenga aishi. Sikurudi. Nilikuwa nimepata sababu nyingine, mbaya kuliko ile ya kwanza. Nilitaka kumwona Mukendi akimtazama amekufa. Nilijua siku hiyo uso wake utasema kitu.

Jumapili hiyo ukumbi ulijaa mpaka watu wakakaa madirishani. Stanislas aliambiwa yote. Mukendi aliambiwa tu kwamba Misenga ni mgonjwa, aje na dawa. Ngeleka alipenda kufanya hivyo, kumficha mmoja jambo ili ashtuke kweli. Pipa lilikuwa pembeni, wazi, wala hakuna aliyelitazama isipokuwa mzungu wa kambi kwenye kiti chake cha mbele. Stanislas alilala mkekani, akatetemeka vizuri sana, akasema maneno mawili kwa mama yake, akanyamaza. Yule aliyecheza mganga wa dispensari akamfunika uso. Mukendi akaingia na chupa ya dawa mkononi.

"Umechelewa," mganga akamwambia. "Amekwisha kufa."

Mukendi alisimama na chupa yake. Nikaona Ngeleka nyuma ya pazia anamwashiria kwa mkono aendelee. Mama Godelieve alikuwa ameshika kichwa kwa mikono yote miwili. Kisha Mukendi akapiga magoti. Akakunja kona ya shuka, akaweka kichwa chake karibu na kile cha Stanislas, na hakusema kwa ajili ya watu. Tulisikia kwa sababu hakuna aliyepumua.

"Nilituma bintu yote," akasema. "Nilituma mablanketi. Nilituma majembe. Nilikuwa nakuya. Walikupatia mablanketi, Ntumba? Uliyaona?"

Watu wakatazamana. Mama Godelieve akainuka, analia, akamsahihisha kwa nguvu: "Misenga. Ni Misenga, Muamba."

"Ntumba," Mukendi akasema tena. Stanislas akafungua jicho moja chini ya shuka.

Ngeleka akavuta pazia. Ukumbi ukalipuka. Wengine walimlilia Misenga, wengine walimtukana Ngeleka, Zena alikuwa anasema angemchukua Alimasi angekuwa hai mpaka sasa, ana chandarua. Mimi nilibaki benchi la tatu. Kati ya watazamaji wote mle ndani ni mimi peke yangu niliyemjua Ntumba.

Ntumba alikuwa binti wa kaka mkubwa wa baba yangu. Kwetu hatusemi binamu, ni dada. Alifariki mwaka mmoja kabla sijaletwa Kolwezi. Nilimlilia. Nilikuwa na miaka kumi na tano, niliwachotea maji watu wa matanga siku nne. Niliyaona mablanketi mapya nyumbani kwa baba mkubwa, yamepangwa mpaka karibu na dari, na sikuuliza yametoka wapi. Nilijua alikuwa ameposwa na mtu wa kazi za mbali. Na desturi naijua, sote tunaijua: mahari ikishapokelewa na binti akafa, ukoo haurudishi vitu, unatoa binti mwingine. Nilijua jambo hilo linafanyika. Sikujua kwamba lilifanyika kwangu. Hakuna aliyeniambia. Labda waliona haina haja.

Nilipofika nyumbani Mukendi alikuwa amekwisha kaa uani, kwenye kigoda, bado na nguo za Muamba. Jua lilikuwa bado lipo. Kutoka mtaa wa pili tulisikia kilio. Mama Godelieve na wenzake walikuwa wametandika mikeka mbele ya nyumba ya Stanislas, wanafanya matanga ya Misenga, na baadaye niliambiwa kwamba Stanislas alitoka na kaptula yake kuwaonyesha kuwa yu mzima, wakamwambia aingie ndani, hayamhusu.

Nikaketi chini, mgongo ukutani. Nilikuwa nimepanga maneno makali tangu ukumbini, yalikuwa tayari mdomoni.

"Ntumba alikuwa dada yangu," nikasema.

"Najua," akasema Mukendi.

Halafu akaanza kusema. Sikumwuliza. Alisema jinsi alivyomwona mara ya kwanza, mtoni, anafua, na jinsi alivyorudi siku ya pili akajifanya amepoteza kisu. Alisema walizungumza viangazi viwili vizima, kila siku, mpaka mama yake Ntumba akawaambia maneno yatawaishia kabla hawajaoana. Maji yale njiani yalikuwa maji ya Ntumba. Kikohozi kilikuwa cha Ntumba. Alikuja huku Kolwezi kutafuta vitu vya mahari, akatuma, akatuma, na siku aliyotuma vya mwisho ndiyo siku barua ya msiba ilipofika. Mtu wa breki mwenzake ndiye aliyemsomea, maana yeye wakati ule alikuwa bado hajajua kusoma, wamesimama behewani. Akapanda tena ngazi, akainua bendera, kwa sababu treni ilikuwa inangoja.

Alisema mpaka uani kukawa na kivuli. Alitikisa mikono, alicheka mara moja, alikwama, akaendelea. Sauti ilikuwa ileile ya ukumbini. Katika saa ile moja alinipa maneno mengi kuliko miaka tisa yote, na kila neno lilikuwa la mwingine. Nilimwonea wivu Ntumba. Sioni haya kusema. Dada yangu niliyemlilia, aliyeko chini ya udongo, nilimwonea wivu mpaka meno yakauma. Misenga nilijua pa kumpeleka. Nilimnunulia kifo kwa kuku. Huyu tayari amekufa, nitamfanya nini?

"Na mi?" nikamwuliza. "Siku mi nilifika, uliniona namna gani?"

Mukendi akafikiri. Alifikiri kwa haki kabisa, kama mtu aliyeulizwa njia na mgeni, hataki kumpoteza.

"Wewe ulikuya," akasema.

Hakulisema vibaya. Ndilo alilokuwa nalo. Kisha akatazama mikono yake, akatazama mlango, nami nikaona anarudi kule kwake, kichwa kinaanza kuinama, sasa hivi atauliza kama kuna maji ya moto. Mdomo ulikuwa unafunga. Kule mtaani matanga yalikuwa yanaendelea, na nilijua Jumapili ijayo hakuna mchezo, wala ile nyingine.

"Ntumba," nikasema upesi, "alikuwaka anacheka namna gani?"

Nilijua sana alivyocheka. Tulilala mkeka mmoja tukiwa wadogo. Mukendi akageuka, akanitazama usoni, akaanza kunieleza.